Kuingia Kwenye Duara: Mwongozo Kamili wa Kushiriki Obon Nchini Marekani

Mwaka wa kwanza nilisimama pembeni. Nilikuwa na sahani ya kuku mkononi na mtoto begani, nikiwatazama mamia ya watu wakicheza taratibu katikati ya barabara, Japantown ya San Jose, California. Walikuwamo vikongwe na vijana wenye kaptura, wote mkono mmoja, wote hatua moja. Nikapiga picha, nikarudi nyumbani. Sikujua kwamba ile haikuwa ngoma ya kutazamwa. Mwaka uliofuata mama yangu alikuwa ameshafariki Tanga, nami sikuweza kusafiri kwenda kumzika. Jirani yangu, bibi aliyezaliwa hapahapa California, akanigongea mlango akaniambia: "Jumanne kuna mazoezi, twende. Ngoma hii ni ya watu waliofiwa."

Tangu hapo sijakosa. Nimeona Waswahili wenzangu wengi wakipita kwenye sherehe hizi kama nilivyopita mimi, wakanunua chakula wakaondoka, ilhali mlango uko wazi kabisa. Basi haya ndiyo ninayoyajua kuhusu kuingia.

Fahamu kwanza ni ngoma ya nini

Obon ni sherehe ya Wabudha ya kuwakumbuka waliotangulia. Asili yake husimuliwa kwa kisa cha Mokuren, mwanafunzi wa Budha aliyejaliwa kuona yaliyofichika kwa wengine. Alipomtafuta marehemu mama yake alimkuta katika ulimwengu wa roho zenye njaa, na kila chakula alichompelekea kiligeuka moto kabla hakijafika kinywani. Budha akamshauri awaandalie chakula watawa waliokuwa wakimaliza kipindi chao cha kukaa faragha wakati wa mvua. Mokuren akafanya hivyo, mama akafunguliwa, na Mokuren kwa furaha akacheza. Makasisi wa hapa huongeza jambo linalonigusa kuliko yote: yule mama alikuwa mchoyo kwa watu kwa sababu alikuwa akimlimbikizia mwanawe. Mokuren alicheza alipotambua kiasi alichopewa.

Kule Japani watu wengi husema kwamba siku hizo roho za wazee hurudi nyumbani, na ndiyo sababu huwashiwa taa. Jodo Shinshu, madhehebu yenye mahekalu mengi zaidi ya Wamarekani wenye asili ya Japani, haifundishi hivyo. Wao huiita Kangi-e, mkusanyiko wa furaha, na wanachokifanya ni kushukuru. Tofauti hii ishike.

Wajapani wa kwanza kuja kwa vibarua vya mashamba ya miwa walifika Hawaii mwaka 1868, na kuanzia 1885 wakaja kwa wingi. Mwaka 1899 makasisi wawili wa Jodo Shinshu walitumwa San Francisco, na mtandao wa mahekalu uliokua kutokana na safari ile leo unaitwa Buddhist Churches of America. Huku bara, ngoma ya Bon ilienezwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kasisi Yoshio Iwanaga, aliyekwenda hekalu kwa hekalu akifundisha watu kucheza. Seattle wanaicheza tangu 1932.

Kisha ikaja vita. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt alitia saini Amri namba 9066, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, theluthi mbili yao wakiwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa, wakaondolewa makwao na kufungiwa katika kambi kumi: Manzanar, Tule Lake, Minidoka, Heart Mountain na nyinginezo, nyingi zikiwa jangwani. Humo nako waliicheza Bon, ndani ya seng'enge. Waliporudi na kukuta nyumba zimekwenda, mahekalu mengi ndiyo yaliyokuwa bweni lao la kwanza. Serikali iliomba radhi kwa sheria ya mwaka 1988 na kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000.

Nimeyaweka haya mwanzoni makusudi. Ukimwona ajuza wa miaka zaidi ya themanini anapindua kiganja kwa wepesi kama anapepea jiko la mkaa, huenda hatua zile alizijua akiwa mtoto nyuma ya seng'enge. Basi usimwulize, "Unatoka wapi hasa?" Atakujibu Fresno au Sacramento, na atakuwa amesema kweli. Wana majina ya vizazi: Issei ni waliohamia, Nisei ni watoto wao, Sansei wajukuu, Yonsei vitukuu. Wengi wa Sansei na Yonsei hawasemi Kijapani. Sisi tunaoulizwa swali hilohilo kila siku madukani tunajua linavyochoma.

Tafuta iliyo karibu nawe

Obon za bara huchezwa kuanzia mwisho wa Juni hadi Agosti, nyingi zikiwa Julai. Mahekalu ya eneo moja hupangiana wikendi tofauti ili watu watembeleane, kwa hiyo ukiikosa ya mji wako angalia ya mji wa pili. Tovuti ya Buddhist Churches of America ina orodha ya mahekalu yake. Chagua lililo karibu, kisha piga simu ofisini mwezi Mei uulize mambo mawili tu: sherehe ni lini, na mazoezi ya ngoma yanaanza lini. Hilo la pili ndilo la maana zaidi.

California ndiko kwenye nyingi. Hapo San Jose sherehe ni Julai na watu hucheza barabarani mbele ya hekalu. Los Angeles ina mahekalu kadhaa, na Agosti kuna Nisei Week katika mtaa wa Little Tokyo, iliyoanza mwaka 1934 na ambayo nayo hufungwa kwa ngoma ya watu wote. Hawaii ni habari nyingine kabisa: kuanzia Juni, wikendi hadi wikendi, kuna hekalu linalocheza. Huko utakuta na andagi, maandazi ya mviringo ya Waokinawa, ambayo ukiyala ukiwa umefumba macho utadhani umekula kaimati zilizosahauliwa shira.

Walio mbali na Pasifiki wasikate tamaa. Watu wa Washington, Maryland na Virginia wana hekalu la Ekoji huko Fairfax Station, na hucheza Julai. Chicago kuna Midwest Buddhist Temple, ambao tamasha lao la Agosti huitwa Ginza Holiday. Maelfu ya waliotoka kambini walihamia mji huo badala ya kurudi Pwani ya Magharibi. Seabrook, New Jersey, kijiji cha mashamba ya mboga, kina Obon kwa sababu hiyohiyo, kwani familia zilitolewa kambini zikaletwa kufanya kazi kiwandani. Ndugu zetu Wakongo walioko Boise, Idaho, wakiendesha gari kama saa moja kuelekea magharibi watafika Ontario, Oregon, ambako hekalu la Idaho-Oregon huwa na sherehe yake mwezi Julai. Na Wakenya wa Minnesota wana tamasha la taa katika bustani ya Como, St. Paul, kila Agosti, kwa kuwa St. Paul na Nagasaki ni miji dada tangu 1955. Hilo si la hekalu, ni la wenyeji wa mji, na taa zinazoelea bwawani jioni ni kitu cha kuwapeleka watoto wakaone.

Kama mji wako hauna hekalu, tafuta bustani ya mimea. Ya Missouri, mjini St. Louis, huwa na tamasha la Kijapani kila wikendi ya Labor Day, mwanzoni mwa Septemba, na ndani yake kuna ngoma ya Bon.

Nenda mazoezini

Ukifuata shauri moja tu katika makala haya, lifuate hili. Wiki kadhaa kabla ya sherehe, mahekalu hufanya mazoezi jioni, kwa kawaida mara mbili kwa wiki, bila malipo, bila kuandikishwa. Unafika, unasimama nyuma ya mtu anayejua, unafuata. Hakuna anayekukagua. Siku ya kwanza utakwenda kulia wenzako wakienda kushoto, na mtu atakugeuza begani kwa upole. Siku ya tatu mwili utakuwa umeanza kukumbuka peke yake.

Mazoezini ndiko watu hujuana. Siku ya sherehe kila mwenyeji ana kazi: mmoja yuko kwenye jiko la kuku, mwingine anahesabu chenji, hakuna wa kukaa na mgeni. Lakini Jumanne jioni, wakati wa kupumzika na kunywa maji, atakuja mtu akuulize jina lako, na ukirudi Alhamisi atakuwa bado analikumbuka. Mimi nilijua majina ya watu kumi na wawili kabla sherehe haijafika, na hilo ndilo lililoniondoa pembeni.

Nenda na viatu vyepesi, chupa ya maji na kitaulo. Mtoto anakaribishwa. Kasisi huitwa Sensei. Mwite hivyohivyo, kama unavyomwita mwingine Sheikh au Mchungaji.

Mavazi

Hakuna sare. Wengi huvaa yukata, vazi refu la pamba nyepesi lenye mikono mipana, au happi, koti fupi la sherehe. Wengine huvaa fulana ya hekalu na jinzi. Mgeni kuvaa yukata si kosa, na wenyeji hufurahi ukiivaa vizuri. Kuivaa vizuri maana yake ni kitu kimoja kikubwa: upande wa kushoto uje juu ya upande wa kulia, ili anayekutazama aone shingoni umbo la herufi ndogo ya y. Kulia juu ya kushoto ndivyo anavyovishwa maiti. Sisi tunaojua adabu za sanda hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Miguuni utaona geta, ambazo kwa mtu wa pwani ni mitalawanda tu, na zori, ambazo ni kandambili. Geta juu ya lami kwa saa mbili zinahitaji mguu uliozoea. Vaa kandambili yenye mkanda wa nyuma au raba.

Mke wangu huvaa kanga juu ya gauni refu. Mwaka wa kwanza alipoivaa, akina mama wa jikoni walitaka kujua maandishi yale yanasema nini, na wakakaa muda mrefu wakijadiliana ni methali gani ya Kijapani inayokaribiana nayo.

Beba vitu vitatu kama ukivipata: uchiwa, kile kipepeo bapa cha mkono, tenugui, kitambaa chembamba cha pamba, na kachi-kachi, vibao vidogo vya mbao vya kualika kiganjani. Baadhi ya ngoma huchezwa na vitu hivi. Mazoezini watakuambia zipi, na mara nyingi wanavyo vya kuazima.

Siku yenyewe, kabla ya jua kuzama

Fika mapema kuliko unavyodhani. Ngoma huwa jioni, lakini chakula huanza mchana na vinavyopendwa huisha. Maegesho ni shida kila mahali. Usiegeshe mbele ya nyumba ya mtu, kwani majirani hao ndio wanaovumilia kelele mwaka hadi mwaka. Beba noti ndogondogo, maana vibanda vingi hupokea fedha taslimu tu, na vingine hutaka ununue tiketi kwanza kwenye meza moja kisha upange foleni nyingine. Julai kwenye bonde la kati la California joto hupita nyuzi 38. Kofia, maji, na usimwache mzee wako juani kwenye foleni ya udon.

Fedha unazotoa hapo ndizo zinazoendesha hekalu sehemu kubwa ya mwaka, na wapishi wote wamejitolea. Kwa hiyo usibishane bei.

Kuhusu chakula, kuku wa teriyaki ndiye mfalme, anachomwa kwenye majiko marefu ya mkaa na moshi wake utauvaa hadi nyumbani. Kuna udon, tambi nene za ngano katika supu. Inari, wali uliotiwa siki ndani ya mfuko mtamu wa tofu. Imagawayaki, vitumbua vinene vya ngano vyenye maharage mekundu ya sukari ndani. Na barafu iliyoparuzwa ikamwagiwa sharubati. Watoto wangu huenda kwa ajili ya hiyo barafu, nami siwalaumu.

Waislamu wenzangu, hapa kuwa makini. Mchuzi wa teriyaki mara nyingi hutiwa mirin au sake, na vyote ni vileo. Inari nayo huweza kuwa na mirin. Spam musubi ni nyama ya nguruwe juu ya wali, na nguruwe huingia pia kwenye supu na kwenye gyoza, vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ndani. Muulize mpishi mwenyewe, si anayeuza tiketi, kwa maneno ya wazi: kuna kileo, kuna nguruwe? Hawachukii kuulizwa, wao wenyewe wana ndugu wasiokula nyama. Mahindi ya kuchemsha, tikiti maji na barafu havina utata. Mimi hula nyumbani kwanza, kisha nikifika nanunua imagawayaki nyingi za kupeleka kwa majirani.

Mchana pia huwa na taiko, ngoma kubwa. Simama karibu uisikie kifuani. Taiko ya vikundi hapa Marekani ina historia yake: Seiichi Tanaka alianzisha San Francisco Taiko Dojo mwaka 1968, mwaka uliofuata vijana wa hekalu la Senshin, Los Angeles, wakaanzisha Kinnara Taiko, na San Jose Taiko ikafuata mwaka 1973. Ngoma halisi kutoka Japani zilikuwa ghali mno, hivyo Kinnara wakawamba zao kwa mapipa ya mvinyo. Mtu aliyekulia mahali ngoma inawambwa na fundi wa mtaani atazipenda mara mbili.

Kuingia kwenye duara

Katikati huwa kuna yagura, jukwaa la mbao lililopambwa taa za karatasi, na juu yake mpiga taiko. Watu huizunguka, mara nyingi kinyume cha saa. Pale ambapo ngoma ni ya barabarani, kama San Jose, duara hurefuka likawa misururu inayokwenda upande huu na kurudi upande ule. Duara la ndani ni la walimu na wazoefu. Usiingie huko, simama duara la pili au la tatu, mtazame mmoja wa ndani umchague awe kioo chako, na umfuate yeye tu. Ukiwatazama watu watatu utapotea.

Ukikosea, usisimame. Endelea kutembea na duara, mikono itafuata. Anayesimama ghafla ndiye anayegongwa na walio nyuma yake. Ukitaka kutoka, toka kwa nje, kati ya wimbo na wimbo.

Ngoma utakayoikuta karibu kila mahali ni Tanko Bushi, ngoma ya wachimba makaa ya mawe wa Kyushu. Nitaieleza yote, kwa sababu ukiijua hii moja tu una haki ya kuingia, na kila kitendo chake ni kazi unayoiona:

1. Chimba kulia mara mbili. Shika koleo lisiloonekana kwa mikono miwili, sukuma chini upande wa kulia huku mguu wa kulia ukitangulia. Tena.
2. Chimba kushoto mara mbili, vivyo hivyo.
3. Tupa makaa begani. Mikono ipande juu ya bega la kulia ukipiga hatua mbele, kisha juu ya bega la kushoto.
4. Tazama mwezi. Rudi nyuma hatua moja, mkono mmoja ukikinga macho kama mtu anayetazama mbali, mwingine umenyooshwa nyuma. Badilisha mikono, rudi hatua ya pili.
5. Sukuma toroli. Viganja mbele, hatua mbele, tena.
6. Fungua. Mikono ishuke na kutanuka pande mbili.
7. Piga makofi: moja, kisha mawili ya haraka, kisha moja. Rudi mwanzo.

Hatua ya nne watu huicheza bila kuijua. Wimbo unasema mwezi umetoka juu ya mgodi, na bomba la moshi ni refu mno, bila shaka mwezi nao unapaliwa. Ni mchimba mgodi aliyetoka shimoni usiku, akainua uso. Mwalimu wetu hutusimamisha hapo kila mwaka: "Msinyanyue mkono tu. Tazameni."

Nyingine zitakuja, za taratibu na za haraka, baadhi zimetungwa hapahapa Marekani. PJ Hirabayashi wa San Jose Taiko alitunga Ei Ja Nai Ka mwaka 1994 kuwaenzi Issei, na ndani yake utaona kazi zao: mashamba, reli, uvuvi. Hiyo ina kelele na kuruka, watoto wataivamia.

Simu iache mfukoni ukiwa ndani. Ukitaka picha, piga kutoka nje, na usimpige mtu mmoja karibu bila kumwomba. Ndani ya hekalu wakati wa ibada usipige kabisa.

Kuhusu dini

Swali hili huulizwa na kila Mswahili niliyemkaribisha, Mwislamu na Mkristo, nami nalijibu kama ninavyolielewa. Kuna vitu viwili tofauti. Ndani ya ukumbi wa hekalu kuna ibada ya Kibudha: kusoma sutra, maandiko ya Kibudha, kuunganisha viganja, kutia ubani. Hiyo ni dini, bila kuzunguka. Huna wajibu wa kuihudhuria, na ukikaribishwa unaweza kukaa kimya kwenye benchi, maana mahekalu mengi ya hapa yana mabenchi kama kanisa, bila kutia ubani wala kuinama. Nje kuna ngoma, chakula, bahati nasibu na watu wa kila imani.

Mimi ni Mwislamu. Ndani sikuingia. Nje nilicheza, na usiku niliporudi nyumbani nikamsomea mama Yasini. Mwingine atapima vingine kwa dhamiri yake na kwa kumwuliza anayemwamini. Ninachosisitiza ni kuwaambia wenyeji ukweli. Nilipomwambia Sensei kwamba sitaingia kwenye ibada, aliniuliza jina la mama yangu, akalirudia polepole mpaka akalitamka sawasawa, na hakuniuliza lingine.

Ukiwa umefiwa

Obon ya kwanza baada ya msiba huitwa Hatsubon, na familia za waliofiwa mwaka huo hukumbukwa kwa namna ya pekee. Baadhi ya mahekalu huruhusu mtu yeyote kuchangia taa ya karatasi yenye jina la marehemu, ikatundikwa juu ya uwanja wa ngoma. Uliza ofisini wiki mbili tatu kabla, na uandike jina kwa herufi zinazosomeka.

Na kama ni jirani yako Mjapani aliyefiwa, fahamu neno koden. Ni fedha zinazotiwa bahasha na kupelekwa msibani, na jamii hii bado inaishika desturi hiyo vizuri, hata huweka daftari la nani alitoa nini. Maana yake ya asili ni sadaka ya uvumba. Sisi nasi huita fedha hizo ubani. Nilipomweleza bibi jirani yangu kwamba kwetu Tanga neno ni lilelile, ubani wa kufukiza na ubani wa msibani, alikaa kimya kidogo, kisha akaingia ndani akaniletea daftari la msiba wa mumewe, akanionyesha mistari.

Anza na bahasha nyeupe ya kawaida, jina lako na anwani yako vikiwa wazi, ili familia iweze kukushukuru. Kiasi, uliza mtu wa hekalu. Kinategemea ukaribu wenu.

Rudi kabla ya Julai nyingine

Kazi ya kwanza ya mgeni anayetaka kuwa mwenyeji ni jioni ileile ya mwisho. Duara likivunjika, baki. Kuna meza za kukunja, turubai za kushusha, sufuria za kusugua. Hakuna atakayekuomba, shika upande mmoja wa meza. Mwaka unaofuata watakupigia simu wao.

Kisha kuna tarehe 19 Februari, Siku ya Ukumbusho, inayoadhimishwa katika miji mingi kukumbuka ile Amri ya 1942. Kuna pia safari ya Manzanar, kila mwaka tangu 1969, mwishoni mwa Aprili. Waislamu wa Marekani wamekuwa wakihudhuria safari hiyo kwa miaka mingi, hasa baada ya Septemba 2001, wazee wa Kijapani walipokuwa miongoni mwa wa mwanzo kusema hadharani kwamba kilichowapata wao kisiwapate wengine. Jangwani, baada ya dua za dini mbalimbali, watu hucheza Tanko Bushi. Beba maji mengi na koti. Upepo wa pale hauna huruma.

Desemba ni mochitsuki, kutwanga mochi za mwaka mpya, na hapa Mwafrika Mashariki hahitaji mazoezi. Mchele wa kunata hulowekwa usiku kucha, hupikwa kwa mvuke, humiminwa kwenye kinu, watu wawili au watatu wakapokezana kutwanga huku mmoja akitia mkono wenye maji kugeuza donge kati ya pigo na pigo. Mchi wao ni kama nyundo kubwa ya mbao, na kwa Kijapani unaitwa kine. Kinu chenyewe huitwa usu. Walipouliza nani amewahi kutwanga, mke wangu aliinua mkono, na nusu saa baadaye walimwomba awafundishe vijana namna ya kupokezana bila kugongana.

Jiandikishe Novemba, zamu hujaa. Nenda na aproni na nywele zilizofungwa, kucha fupi. Mochi hunata kooni, na kila mwaka Japani wazee hupaliwa nayo. Wakatie watoto na wazee vipande vidogo kama punje ya hindi, wakae wakila, na mtu mzima awe karibu hadi wameze.